Spinal Tap kwa Mnunuzi: Filamu, Albamu na Pa Kuanzia

Anayetaka kuijua Spinal Tap, bendi ya roki ya mzaha, aanze na filamu ya 1984, This Is Spinal Tap. Aitazame mpaka mwisho, ni dakika 82 tu, ndipo atafute albamu iliyotoka nayo mwaka huohuo. Albamu za 1992 na 2009 zije baadaye, na si lazima azinunue zote mbili. Tunalitanguliza hili kwa sababu wengi hukosea hapo. Husikia kwamba albamu ya 1992 ina wanamuziki mashuhuri kama Jeff Beck, Slash na Cher, huanza na hiyo, hupata nyimbo za roki zilizopigwa na mafundi, na huiweka pembeni bila kuelewa bendi hii ilipendwa kwa lipi.

Spinal Tap ni bendi ya kubuni. Kwa hadithi yake ni Waingereza walioanza miaka ya 1960 wakapita katika kila mtindo uliokuwa ukiuzika. Nyuma ya hadithi kuna waigizaji watatu wa Marekani. Michael McKean ni David St. Hubbins, mwimbaji na mpiga gitaa. Christopher Guest ni Nigel Tufnel, mcharaza solo. Harry Shearer ni Derek Smalls, mkung'uta besi mwenye masharubu na kiko. Walionekana mara ya kwanza mwaka 1979 katika kipindi cha vichekesho kwenye televisheni ya ABC. Filamu iliongozwa na Rob Reiner, na mwenyewe yumo ndani akiwa Marty DiBergi, mtengeneza filamu anayeifuata bendi katika ziara yake ya Marekani ya 1982. Mazungumzo karibu yote hayakuandikwa: waigizaji walijua tukio linaanzia wapi na linaishia wapi, kamera ikawashwa, wakaongea. Ilipotoka, kuna watazamaji waliomuuliza Reiner kwa nini amehangaika kurekodi maisha ya bendi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Kilichoifanya idumu ni kwamba watatu hao wanapiga vyombo wenyewe, wanaimba wenyewe, na nyimbo wamezitunga wao pamoja na Reiner. Mwigizaji anayejifanya mpiga gitaa hunaswa na jicho la mpigaji ndani ya sekunde tano: vidole viko kwenye kodi hii (noti zinazopigwa pamoja), sauti inatoka ya kodi nyingine. Hapa hutanasa kitu. Na kwa kuwa kazi wanaijua, makosa wanayoyaonyesha ni yale ambayo bendi hufanya kweli, tena yakiwa na sababu zake. Hicho ndicho kipimo chetu kwa kila kazi inayotajwa hapa. Thamani ya Spinal Tap ni usahihi, na kila usahihi unapolegea, kazi inashuka.

Chukua habari ya mitindo. David na Nigel wanaanza na bendi inayoitwa The Originals, wanagundua kuna wengine wenye jina hilo, wanajiita The New Originals, kisha wanaingia The Thamesmen, na majina yanaendelea kubadilika mpaka Spinal Tap. Msomaji wa Dar es Salaam aliyeishuhudia NUTA Jazz ikiwa JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma, hatashangaa bendi kubadili jina. Tofauti ni kwamba ile ya Dar ilifuata jina la jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki, na hawa wanafuata upepo wa soko.

Mabadiliko hayo yanaonyeshwa kwa vipande vifupi vilivyotengenezwa vifanane na televisheni ya zamani. Kipande cha 1965 hakina rangi: vijana wa The Thamesmen wamevaa suti, wanaimba Gimme Some Money. Gitaa ni kavu, dramu zinagongwa kwa kujibana, solo ni fupi na mwimbaji anamhimiza Nigel kwa jina kabla hajaianza. Ruka hadi 1967, rangi zimejaa, mavazi ni ya maua, na wimbo ni Listen to the Flower People: sauti za waimbaji zimepangwa moja juu ya nyingine, gitaa linalia kama sitari ya Kihindi, maneno yanazungumza amani bila kusema lolote. Watu ni walewale. Aliyezisikiliza bendi za Uingereza za miaka hiyo miwili atatambua hata namna maikrofoni zilivyowekwa mbali na dramu katika ule wa kwanza, na namna kila kitu kilivyoloweshwa mwangwi katika ule wa pili. Baadaye zinakuja nyimbo ndefu za miamba ya kale na kuumbwa kwa dunia, kisha hevi metali ya mwanzo wa miaka ya 1980, suruali za kubana na nywele.

Albamu ya 1984 ina nyimbo 11 na haikupangwa kwa miaka. Inafunguliwa na Hell Hole, ambayo ni ya mwisho kimtindo, na nyimbo mbili za zamani zimewekwa namba 10 na 11. Kwa usikilizaji wa mara ya kwanza si mpangilio mzuri, kwa sababu unapoteza safari yenyewe. Tunashauri uipange upya kwenye simu au kompyuta hivi: 10, 6, 11, 9, 4, 7, 8, 2, 3, 1, 5. Utaanza na Gimme Some Money, upite kwenye vinanda vya kistaarabu vya Cups and Cakes, uingie kwenye maua, kisha Stonehenge na Rock and Roll Creation, na ndipo uzito uanze. Ukisikiliza hivyo, miaka 17 inapita ndani ya albamu moja, na utaona jinsi dramu zinavyozidi kuwa kubwa na maneno yanavyozidi kuwa mafupi.

Wimbo wa saba, Big Bottom, unahitaji maelezo ya pekee, maana ndio unaolalamikiwa sana na watu wanaosikiliza kwa simu. Watatu wote wa mbele wameshika besi. Hakuna gitaa la solo, hakuna la rizimu. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko hata kwa bahati. Spika nyingi za namna hiyo huanza kusikika vizuri kwenye mamia ya hezi. Redio ndogo ya bluetooth inajitahidi kidogo lakini nayo huishia njiani. Kinachobaki ni dramu, sauti ya mwimbaji na mkwaruzo wa nyuzi, na msikilizaji anadhani faili ni bovu. Tumia vipokea sauti vya kuziba sikio, au spika yenye besi ya inchi 8 kwenda juu. Ukiwa na sabufa, usiiongeze, ipunguze kidogo. Besi tatu zinapigania chumba kimoja, takribani kati ya hezi 60 na 250, na ukiongeza hapo unapata mvumo mmoja usioachana. Ukipunguza, zinaanza kutengana, na utasikia kwamba kila mmoja ana mstari wake. Tarehe 7 Julai 2007, kwenye tamasha la Live Earth uwanjani Wembley, waliupiga wimbo huu wakiwa na kundi la wapiga besi waalikwa, baadhi yao wa bendi ya Metallica. Picha yake inafurahisha, ila kwa sikio ni tope tupu, kwa sababu ileile.

Tukio linalotajwa kuliko yote ni la amplifaya. Nigel anamwonyesha DiBergi kichwa cha amplifaya ya Marshall ambacho vitufe vyake vyote vimeandikwa hadi 11, na anaeleza kwamba hiyo ni moja zaidi ya 10. DiBergi anauliza kwa nini wasiipe 10 nguvu zaidi na kuiacha iwe ndiyo ya mwisho. Nigel ananyamaza. Macho yake yanatulia kwenye vile vitufe, unaona kabisa kwamba swali limeingia na halina pa kukaa. Kisha anarudia kuwa hii inafika 11.

Fundi amplifaya yeyote atakueleza kilichofichwa hapo. Kitufe cha sauti kinaendesha rizista ya kuzungusha inayogawa mawimbi yanayotoka kwenye gitaa. Kikifika mwisho, mawimbi yote yameshapita, hakuna akiba iliyobaki nyuma yake. Namba ni rangi iliyochapwa kwenye bati. Anayetaka sauti zaidi anahitaji wati zaidi, na hapo hesabu haina huruma: kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Tena amplifaya za valvu za aina hiyo hufika ukomo mapema. Ukishapita 6 au 7 hivi, valvu za mwisho zimeshashiba, na kila unapozidi kuzungusha unaongeza mkwaruzo kuliko ukubwa wa sauti. Wapigaji wengi wanajua hili na bado huzungusha hadi mwisho, kwa sababu mkono unapenda kufika mwisho. Guest ameliona jambo hilo na kuliigiza kwa uso mtupu.

Matokeo yake yalitoka nje ya filamu. Marshall walipotoa amplifaya ya JCM900 mwaka 1990, namba za vitufe ziliandikwa hadi 20, na Guest akaonekana kwenye matangazo yake akiwa Nigel. Kitufe cha sauti cha iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, nacho kinafika 11.

Kuna matukio matatu ya jukwaani ambayo mtu wa kazi hii atayarudia. La kwanza ni la Rock and Roll Creation. Wanabendi watatu wanaanza wimbo wakiwa ndani ya vifuko vya plastiki vinavyopaswa kufunguka kwa pamoja. Cha David na cha Nigel vinafunguka. Cha Derek kinagoma. Anaendelea kukung'uta besi humo ndani, anakuja fundi na nyundo, haisaidii, analeta moto wa kuchomelea, na kifuko kinapofunguka hatimaye wenzake ndio wanarudi ndani ya vyao, kwani wimbo umefika mwisho. Aliyewahi kufanya kazi na jukwaa lenye mitambo anajua kasoro iko wapi: kila kifuko kina kufuli lake na hakuna njia ya kulifungua kwa mkono kutoka ndani. Jukwaa lililopangwa vizuri huwa na kamba au pini ya dharura kwa mwanamuziki mwenyewe.

La pili ni kambi ya jeshi la anga. Bendi imeshuka hadhi, meneja ameondoka, wanapiga kwenye tafrija ya maofisa na familia zao. Nigel anatumia kifaa cha gitaa kisicho na waya, na ghafla kwenye spika zinasikika sauti za waongoza ndege. Mafundi mitambo wa kumbi na makanisa wanalijua balaa hili vizuri. Mashine ya kupokea haijui gitaa ni lipi na mnara ni upi. Ishara yenye nguvu zaidi iliyo karibu na masafa yake ndiyo inayoshinda. Kambini, mnara uko hatua chache tu. Dawa ni kupima masafa ya eneo kabla watu hawajaingia, na kuweka waya wa kawaida karibu na jukwaa. Nigel hakuwa na waya, akavua gitaa, akatoka, akaiacha bendi.

La tatu ni la wimbo Stonehenge, wenye jina la mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa Uingereza, na hilo ndilo kipimo cha filamu nzima. Nigel anachora mnara wa mawe kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani na kuandika urefu: 18, kisha alama. Alikusudia futi 18, karibu mita tano na nusu. Alichoandika ni alama mbili za inchi. Inchi 18 ni sentimita 46, chini ya goti la mtu mzima. Meneja Ian Faith hakukagua. Msanii aliyepewa mchoro alitengeneza kilichochorwa, sawasawa kabisa, na anaposhangaa kwa nini wamekasirika yuko sahihi. Usiku wa onyesho moshi unatanda, Nigel anashika mandolini, mnara unashushwa kwa kamba kutoka juu, na vibeti wawili waliokodiwa wacheze kuuzunguka wanaonekana majitu mbele yake. Hakuna anayetabasamu jukwaani, na hapo pana uigizaji wa hali ya juu. Katika maisha halisi, Black Sabbath walizunguka mwaka 1983 na mawe ya Stonehenge yaliyokosewa upande wa pili: makubwa mno, hayakuingia kwenye kumbi nyingi, na wanabendi wamesimulia kwamba chanzo kilikuwa mita kuchanganywa na futi. Kwa mwandaaji wa maonyesho somo la vitendo liko wazi: andika kipimo kwa maneno, na uombe picha ya kitu kikiwa karibu na mtu aliyesimama.

Wapiga dramu tutawapitia haraka. Kwa hadithi ya bendi wote hufa kwa ajali zisizoaminika, mmoja kwenye bustani, mwingine kwa kuwaka moto jukwaani. Ni mzaha unaochosha ukirudiwa, na kazi za baadaye zimeurudia kupita kiasi. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba anayechapa dramu kwenye filamu ni Ric Parnell, mpigaji wa kweli aliyetoka Atomic Rooster, na ndiye anayezipa nyimbo za jukwaani uzito wake.

Utata mkubwa wa bendi unahusu jalada. Albamu yao mpya katika hadithi, Smell the Glove, ina picha ya mwanamke aliye uchi, amepiga magoti na mikono chini, amefungwa kola ya mbwa, na mwanamume anamsukumia glavu usoni. Bobbi Flekman wa kampuni ya rekodi anamweleza meneja kwamba hiyo ni dharau kwa wanawake na maduka makubwa hayataiweka. Hapa pana mzaha usiotafsirika. Neno la Kiingereza la kubagua jinsia na neno la kuvutia kimapenzi yanakaribiana kwa sauti, na Nigel anasikia la pili badala ya la kwanza, akauliza ubaya wake uko wapi. Baadaye bendi inalalamika kwamba mwanamuziki mwingine ametoa jalada la aina hiyo na hakusumbuliwa. Wanaelezwa kuwa kwenye picha ya mwenzao, aliyefungwa ni yeye mwenyewe. Wanapima tofauti hiyo kwa uzito kama wanafunzi waliofeli. Mwisho wa yote albamu inatoka na jalada jeusi tupu, halina jina wala picha. Mwaka 1991 Metallica walitoa albamu yenye jalada karibu jeusi kabisa, na Spinal Tap ndiyo iliyotajwa kwanza na mashabiki.

Sehemu hii imezeeka vizuri. Septemba 1985, mwaka mmoja na nusu baada ya filamu, kamati ya Seneti ya Marekani ilikaa kusikiliza malalamiko ya wazazi juu ya maneno ya nyimbo, na kampuni za rekodi zikaishia kubandika maonyo kwenye majalada. Mabishano yaleyale, hata sura zilezile za kushangaa.

Hata hivyo kuna kasoro mbili tunazoziona. Ukiitoa albamu kwenye filamu, Big Bottom na Sex Farm zinabaki nyimbo chafu za kawaida. Kwenye filamu kuna Bobbi Flekman wa kuwajibu, na kuna nyuso za wanabendi zinazoonyesha ujinga wao. Kwenye albamu hakuna wa kujibu, na asiyejua atadhani ni kitu kilekile kinachobezwa. Ndiyo sababu tunasisitiza filamu itangulie. Kasoro ya pili ni Jeanine, mpenzi wa David, anayeingia kwenye uongozi wa bendi na chati za nyota. Filamu inambebesha lawama ya kuvunja urafiki wa wanaume wawili, njia ya mkato ambayo roki ya kweli imeitumia mno dhidi ya wanawake, na mara hii waandishi wameifuata badala ya kuicheka.

Albamu ya 1992, Break Like the Wind, imerekodiwa vizuri kuliko ya kwanza. Wimbo wenye jina la albamu una mapokezano ya magitaa ya Jeff Beck, Slash, Joe Satriani na Steve Lukather, na mtu anayejifunza solo atafaidika kwa kuwatambua mmoja mmoja kwa namna wanavyovuta nyuzi. Tatizo ni kwamba ubora huo unaiua tashtiti. Bendi ya 1984 ilikuwa bendi inayoshindwa. Hii ina marafiki matajiri. The Majesty of Rock ndiyo inayosimama, nao ndio waliouimba Wembley tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury. Bitch School ilileta manung'uniko, na jibu la bendi, wakiwa ndani ya uhusika wao, ni kwamba wimbo unahusu kufundisha mbwa adabu. Sikiliza hizo tatu. Nyingine ni za mshabiki.

Ya 2009, Back from the Dead, ina wazo zuri zaidi. Wamerudia nyimbo nyingi za zamani na baadhi kuzigeuza mtindo: Flower People imekuwa rege, Sex Farm imekuwa fanki. Hapa dhana ya bendi inayovaa kila vazi la soko inarudi. Rege yao ni sahihi, gitaa linakata kwenye pigo la pili na la nne kama inavyotakiwa na besi imeachiwa nafasi. Kipande cha jazi kilichogawanywa mara tatu ni kirefu mno. Kwa asiyetaka kutumia fedha nyingi, albamu ya 1984 pamoja na nyimbo mbili hizi zinamtosha.

Mwaka 2025 ilitoka filamu ya pili, Spinal Tap II: The End Continues. Mkataba wa zamani unawalazimisha wazee hao kufanya onyesho moja la mwisho, New Orleans. Paul McCartney na Elton John wamo. Uzuri wake uko kwenye chumba cha mazoezi: watu watatu wanaojuana miaka mingi, wakiwa na vyombo mapajani, wanakatizana. Valerie Franco, anayeigiza mpiga dramu mpya, anachapa kwa nguvu inayoamsha kila wimbo. Lakini kila mashuhuri anapoingia mlangoni, filamu inaacha kuangalia kazi ya muziki na kuanza kuwasalimia wageni. Itazame mara moja, kwa kuwapenda.

Kuna mzozo mmoja ambao haukubuniwa. Oktoba 2016 Shearer alifungua kesi California dhidi ya Vivendi, wakati huo mmiliki wa StudioCanal, kampuni yenye haki za filamu, na mwanzoni mwa 2017 Guest, McKean na Reiner wakajiunga naye. Madai yakafika dola milioni 400. Kwa mkataba wao walistahili asilimia 40 ya mapato halisi. Kwa hesabu walizopewa, walisema, sehemu yao ya mauzo ya bidhaa duniani kote kati ya 1984 na 2006 ilikuwa dola 81, na ya muziki kati ya 1989 na 2006 dola 98. Upande wa muziki ulimalizwa kwa makubaliano 2019, wa filamu 2020. Mwanamuziki yeyote wa Kariakoo au River Road aliyewahi kusubiri mgawo wa kanda zake ataisoma hesabu hiyo bila kuhitaji mkalimani. Neno lililobeba kila kitu ni mapato halisi, yaani kinachobaki baada ya gharama zote ambazo msambazaji mwenyewe ndiye anayezitaja. Ukisaini mkataba wenye neno hilo bila orodha ya gharama zinazoruhusiwa, asilimia yako haina kitu cha kushika.

Sasa ununuzi wenyewe. Ukiagiza diski kutoka Marekani, angalia msimbo wa kanda, yaani eneo la dunia ambamo diski imeruhusiwa kuchezwa. Dividii ya huko ni kanda 1, wakati Tanzania, Kenya na Uganda ziko kanda 5. Mashine iliyofungwa kwa kanda moja itakataa na kuonyesha onyo tu. Diski za Blu-ray zina mgawanyo wake: Marekani ni A, Afrika ni B. Diski za 4K hazina kanda, lakini hazisomeki kwenye mashine ya kawaida ya Blu-ray, zinataka mashine ya 4K. Kwa hiyo toleo la kampuni ya Criterion la 2025, lenye 4K na Blu-ray ndani ya kasha moja, litakufaa hapa kwa ile diski ya 4K, na ile nyingine huenda ikagoma. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usiidharau dividii ya MGM ya mwaka 2000: ina sauti ya ziada ya maoni ambamo David, Nigel na Derek wanaitazama filamu wakiwa ndani ya uhusika na kulalamika jinsi DiBergi alivyowachafulia jina, pamoja na zaidi ya saa moja ya matukio yaliyokatwa.

Kwa mara ya kwanza washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, hata kama Kiingereza unakimudu. Wanaongea kwa lafudhi ya London, wanaingiliana, na nusu ya mambo husemwa mtu akiwa amegeuza mgongo. Lugha ni ya matusi na Marekani iliipa daraja R, hivyo subiri watoto walale. Sauti ya nyimbo iko juu kuliko ya mazungumzo, kwa hiyo ipime kwanza kwenye wimbo wa jukwaani kabla ya kutulia kwenye kiti. Ukiipima kwenye mazungumzo, kifuko cha Derek kitawaamsha majirani.